Kuongeza Oili Siyo Kutengeneza Gari

Simama asubuhi kwenye kituo cha mafuta chochote cha barabarani, utamwona. Dereva kafungua boneti, mkononi ana chupa ya maji ya kunywa iliyojaa oili ya kupima, anamimina, anafuta mikono kwa kitambaa, anafunga. Ukimuuliza atakujibu bila wasiwasi: "Inavujisha kidogo tu, mkuu." Halafu anapakia abiria na kuondoka. Hiyo "kidogo tu" inanikosesha amani, na naona tumeizoea kupita kiasi.

Wengi wetu tunaamini gari huungua kwa petroli au kwa shoti ya umeme. Oili tunaiona ni kitu kizito, kisichoshika moto. Ni kweli, oili iliyopoa ukiitupia njiti ya kiberiti haitawaka. Lakini gari likishatembea, chini ya boneti hakuna kilichopoa. Oili ya injini ikipita nyuzi joto 200 hivi za Selsiasi huanza kutoa mvuke unaoweza kuwaka, na ikidondokea chuma chenye joto la kutosha hujiwasha yenyewe, bila cheche wala waya uliochunika. Menifodi ya ekzosi, yaani chuma kinachokusanya moshi unapotoka kwenye injini, huweza kupita nyuzi 500 gari likiwa na mzigo, na turbo, ile feni inayozungushwa na moshi huo, huchemka zaidi ya hapo.

Sasa tazama ilipokaa gasketi ya tapeti kava, yaani kizibo cha kuzuia oili chini ya kifuniko cha juu cha injini. Kwenye injini nyingi iko juu kabisa, na menifodi iko chini yake. Gasketi hiyo ni mpira. Joto la miaka huikausha, inakuwa ngumu, inapasuka, na oili inapata njia ya kushuka. Mulika kwa tochi ya simu ubavuni mwa injini: ukikuta tope jeusi linalong'aa, vumbi lililoshikana na oili, na mchirizi unaoteremka kuelekea bati la kukinga joto la ekzosi, moto una kila kitu unachohitaji. Na kama lile bati halipo kwa sababu fundi alilitoa siku moja likawa linapiga kelele, akaona halina kazi, mambo ni mabaya zaidi.

Kuna kisa kimoja nakitaja kila nikibishana na watu juu ya hili. General Motors ya Marekani ilitengeneza magari mengi ya Pontiac, Buick, Chevrolet na Oldsmobile yenye injini ya V6 ya lita 3.8. Oili ilikuwa ikidondoka kwenye menifodi kutoka kwenye gasketi ya tapeti kava, moto mdogo unaanza, unashika plastiki iliyoshikilia waya za plagi, gari linateketea. Kampuni iliyaita magari hayo kwa matengenezo mwaka 2008 na tena 2009. Oktoba 2015 ikalazimika kuyaita upya, takriban milioni 1.4, kwa kuwa zaidi ya magari 1,300 yaliyokwisha kurekebishwa yalikuwa yameungua. Wenye magari waliambiwa wayaegeshe nje, mbali na nyumba. Mengi yaliungua yakiwa yameshazimwa na mwenyewe ameondoka. Hilo la mwisho linawashangaza watu, ila lina sababu: injini ikizimwa, upepo wa mwendo umekoma na feni nyingi nazo zinasimama, kwa hiyo joto la ekzosi linabaki limefungiwa humo ndani kwa muda.

Ikiwa kampuni kubwa kiasi hicho iliirekebisha kasoro hii na gari likaungua bado, silikoni inayopakwa juu ya gasketi iliyokufa itasaidia nini? Ndiyo dawa ya gereji zetu nyingi. Fundi anafuta, anapaka, anakaza bolti kwa nguvu mpaka kava linapinda, mwezi haujaisha linavuja tena. Na hata gasketi mpya itasukumwa nje kama valvu ya kupumulia ya injini, ile PCV, imeziba kwa masizi, maana presha iliyomo ndani lazima itafute pa kutokea. Muulize fundi wako kama ameiangalia. Akikushangaa, tafuta fundi mwingine.

Malori ndiyo yananitia hofu zaidi. Lori lililojaa likipanda mlima wa Kitonga kule Iringa, Tanzania, kwa gia ndogo, ekzosi iko kwenye joto kali huku hewa ya kupooza ikiwa haba kwa sababu mwendo ni wa kobe. Paipu ya oili ya turbo ikipasuka hapo haidondoshi, inarusha, kwa presha ya pampu. Ndiyo maana ukiona moshi, jambo la kwanza ni kusimama na kuzima injini ili pampu nayo isimame, kisha kila mtu ashuke. Boneti usiifungue ikawa wazi, kwani unaupa moto hewa. Ilegeze kidogo tu na upulize mtungi wa kuzimia moto kupitia upenyo. Maji usimwage, oili itasambaa nayo ikiwaka. Piga 114, Zimamoto.

Trafiki akikusimamisha atauliza mtungi na pembetatu, na ni sawa aulize. Ni mara chache kumwona anaomba boneti ifunguliwe, amulike upande wa ekzosi. Ningependa gari la abiria linalodondosha oili kwenye ekzosi lizuiwe pale pale, kama linavyozuiwa lenye tairi kipara.

Lakini sitaki lawama zote zimwangukie dereva wa chupa. Anajua gari ni bovu kuliko sisi sote. Shida yake ni hesabu: gari likilala gereji siku moja, jioni tajiri, yaani mwenye gari, bado anadai hela yake kamili, kwa hiyo dereva anaongeza oili na kusonga mbele. Gasketi yenyewe kwa magari mengi ya kawaida si ghali, na kazi yake ni ya nusu siku. Kinachohitajika ni tajiri amwambie dereva wake kwa kinywa chake kwamba siku ya kubadilisha gasketi hakuna hesabu, na aifuate gasketi siku hiyo hiyo anapoambiwa gari linavuja.