Ekari 160 na Ndoa ya Ukurasa wa Mwisho

Anayesoma riwaya za mapenzi za Magharibi ya Marekani ya zama za makauboi anamjua huyu mwanamke: ana shamba lake, ana bunduki yake, haambiliki, na mwanamume anayemtaka atangoja sana. Wakosoaji wake husema ni binti wa leo aliyevishwa gauni la kale, kwamba mwanamke wa karne ya 19 hakuwa na ubavu huo.

Mimi naona hapo wanamwonea. Sheria ya ugawaji ardhi ya 1862 ilimruhusu raia mwenye miaka 21, au mkuu wa kaya, kuomba hadi ekari 160, aishi hapo na kulima miaka mitano, kisha apewe hati. Haikubagua mwanamke, ilimradi awe hajaolewa, ni mjane au ameachika. (Kwamba ardhi hiyo Wahindi Wekundu walishanyang'anywa, riwaya nyingi hulipita kimya kimya.) Wyoming iliwapa wanawake kura mwaka 1869, hata kabla haijawa jimbo kamili. Kule Montana, Mary Fields, aliyezaliwa mtumwa, alipata kandarasi ya kusafirisha barua mwaka 1895 akiwa ameshapita miaka 60, tena akitembea na silaha. Mtunzi angembuni mtu wa namna hiyo, angeambiwa ametia chumvi.

Wakosoaji wangeuangalia mwisho wa hadithi, wangepata hoja nzito zaidi. Riwaya hizi sharti ziishie kwenye ndoa, na ndoa ndiyo iliyomfungia mwanamke mlango wa kuomba ardhi. Aliyewahi kuomba kabla ya kuolewa aliweza kuendelea, ila alitakiwa aishi kwenye eneo lake. Sasa mume naye akiwa na lake, wanaishi wapi?

Elinore Pruitt yalimkuta. Alikuwa akifua nguo za watu Denver, akiwa na binti mdogo. Mwaka 1909 akaenda Burntfork, Wyoming, kumtunzia nyumba mfugaji Clyde Stewart. Akaomba ardhi inayopakana na ya bosi wake, na siku chache baadaye wakaoana. Mpaka wake ulipita futi mbili tu kutoka nyumba ya mume, hivyo vyumba vyake vikaunganishwa na nyumba hiyo. Barua zake, zilizochapishwa kwenye jarida la Atlantic Monthly, ziliwahimiza wafua nguo wenzake waje wajitafutie ardhi, lakini habari ya ndoa aliichelewesha. Mwaka 1912 aliiachia ardhi ile, ikachukuliwa na mama mkwe wake.

Kwa hiyo ukali wa mhusika haunisumbui hata kidogo. Kinachonikera ni mtunzi anayempa mwanamke shamba sura ya kwanza, halafu harusini hasemi limeishia kwa nani. Bwana harusi aliye tayari kungoja mpaka hati ya mchumba wake itoke, huyo ningependa kumsoma.