Nuru ya Kiroho na Wasifu wa Mawalii

Wapo wanaoamini kwamba mtu anayetaka kuielewa nuru ya kiroho aanze kwa kusoma maisha ya walioifikia, na wapo wanaoshikilia kuwa usomaji huo hauna tija, kwa kuwa aonjaye ndiye ajuaye na msomaji hubaki kusifu utamu asioujua.

Wa upande wa kwanza wana hoja nzito. Mafundisho yakisimama peke yake huzungumzia kujinyima na kuivunja nafsi bila kuonyesha gharama yake. Imamu Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu, alikuwa mwalimu mkuu wa madrasa ya Nidhamia mjini Baghdad pale mwaka 1095 alipokaa takriban miezi sita akivutana na nafsi yake, leo akiazimia kuondoka na kesho akighairi, mpaka ulimi ukafungika asiweze kutoa darasa na hata chakula kikamshinda kumeza. Alipoondoka alitangaza kwamba anakwenda Makka, ilhali moyoni alikusudia Sham, yaani nchi za Siria, ili khalifa na marafiki zake wasimzuie. Hila hiyo ndogo, ambayo aliisimulia mwenyewe, naona inafundisha kuliko nasaha nyingi, kwa sababu inamwonyesha mtafutaji akiwa bado mtu wa kawaida mwenye kuogopa watu. Vivyo hivyo Teresa wa Avila, mtawa wa Hispania aliyefariki mwaka 1582, anakiri kwamba kwa miaka mingi alikuwa akisali huku akitega sikio kusikia kama saa imegonga.

Hata hivyo wapinzani hawakosei wanapouliza ni nani aliyeandika, na kwa ajili ya nani. Teresa aliandika kwa amri ya mapadre waliomwungamisha, akijua kwamba kila ono lake lingepimwa kama ni la Mungu au la shetani. Kwa hiyo unyenyekevu wake, hata ukiwa wa kweli, ulikuwa pia ngao. Kwa Rabia wa Basra, mwanamke walii wa Kiislamu aliyefariki mwaka 801, tatizo ni kubwa zaidi. Hakuacha kitabu, na mengi tunayosimuliwa juu yake yametoka kwa Attar, mshairi wa Uajemi aliyeishi karne nne baadaye na ambaye haoni taabu kueleza kwamba Kaaba yenyewe ilitoka kwenda kumlaki. Msomaji anayelishwa karama za namna hiyo huanza kungoja miujiza, na sala yake ya kila siku ikikosa ladha hudhani imekosa thamani.

Kisa cha Ramana Maharshi, mtawa wa Kihindu wa India ya kusini, hakikai vizuri upande wowote. Mwaka 1896, akiwa na umri wa miaka 16 mjini Madurai, alishikwa ghafla na hofu ya kifo, akalala chini, akakaza viungo kama maiti na kujiuliza ni nini hasa kinachokufa. Hakuwa na mwalimu wala mazoezi ya miaka. Lakini baada ya hapo aliishi kwenye mlima wa Arunachala na chini yake hadi alipofariki mwaka 1950, na sehemu kubwa ya miaka ya mwanzo aliipitisha katika ukimya, jambo ambalo wasimulizi wengi hulipita upesi wakikimbilia tukio lenyewe.

Kwa hiyo ningewatanguliza Ghazali na Teresa, kwa kuwa walisimulia pia udhaifu wao. Rabia anayesimuliwa na Attar ningemsoma baadaye, kama ushahidi wa kile ambacho watu wa zama za Attar walitamani kukiona kwa walii.