Seva Isiyo na Kioo

Siku nilipomwonyesha bosi seva mpya, kompyuta ya kutunza data za ofisi nzima, aliinama, akachungulia nyuma, akachungulia ubavuni.

"Kioo chake kiko wapi?"

"Haina kioo, bosi. Haihitaji."

"Sasa inajitazamaje?"

Nikacheka kile kicheko cha puani tunachocheka watu wa IT. Kilikuja kunitokea hukohuko puani.

Sisi tunauza vifaa vya ujenzi kwa jumla, Buguruni. Seva ilikaa stoo, kati ya ndoo za rangi na birika la umeme la dada wa chai. Ndani yake Debian, mfumo endeshi wa jamii ya Linux, kavukavu: hakuna madirisha, hakuna kipanya, hakuna picha ya ua. Ukitaka kuongea nayo unaingia kwa SSH kutoka kompyuta yako, unaandika amri kwenye kiboksi cheusi, nayo inakujibu au inanyamaza. Kwenye Linux, kimya maana yake mambo safi. Niliamini hivyo kama mtu anavyomwamini mchumba aliye mkoani.

Ankara, stoki na mishahara vyote vilikuwa humo, kwa hiyo nikaweka chelezo, yaani nakala ya akiba: diski ya nje ya TB 2 yenye adapta yake ya umeme, nikaipachika kwenye folda /mnt/chelezo, folda ikawa mlango wa kuingilia diski. Kila Jumapili saa nane usiku cron, mlinzi wa ratiba, inaamsha skripti, orodha yangu ya amri; amri ya tar inafunga kila kitu kwenye furushi la GB 30, inalitua humo. Asubuhi simu inalia: "Chelezo kimekamilika." Namtumia bosi, naongeza kidole gumba.

Ila kwenye fstab, faili linaloiambia seva ipachike diski zipi inapowaka, karibu na jina la diski, niliandika neno moja dogo: nofail. Yaani diski hii ikikosekana, wewe seva amka tu, usimsubiri mtu. Usipoliandika hilo, Debian inaweza kugoma kuwaka, ikakaa inadai nenosiri la mkubwa kwenye kioo. Na kioo hakipo. Nilijiona nina akili sana.

Umeme ukakatika mchana mmoja, ukarudi. Seva ikaamka. Diski haikuamka, maana katika giza lile dada wa chai alihitaji tundu, na adapta yangu ndiyo iliyokuwa karibu. Simlaumu, chai nilikunywa na mimi.

Jumapili ikafika. Tar ikaikuta /mnt/chelezo ipo, folda tu, tupu, ndani ya diski ileile ya seva. Ikatua furushi. Jumapili iliyofuata, furushi. Wazee wa pwani wanakuambia chelezo ni boya, kinaelea hata chombo kikizama. Changu nilikuwa nimekifungia ndani ya jahazi, na bado nikituma vidole gumba.

Jumatatu ya mwisho wa mwezi, siku ya mishahara, mama wa hesabu akapiga ukelele ambao haukuhitaji SSH kusikika. Mfumo umegoma. Nikakimbilia stoo, nikaiona taa ya diski imezimika. Aha! Nikachomeka adapta, nikaipachika diski, nikamwambia bosi nimepata tatizo. Nikaandika df, amri inayosema diski imejaa kiasi gani: diski ya seva GB 220, zimetumika zote 220.

Haya, nani kazila? Nikaita du, ile inayohesabu mafaili moja baada ya jingine. Ikahesabu dakika nyingi za aibu, ikajibu: GB 74.

Moja inasema 220, nyingine 74. GB 146 ziko wapi? Nikafuta magogo ya mfumo, yale mafaili ya kumbukumbu za matukio, nikapata GB moja na nusu. Nikahisi labda hifadhidata imeng'ang'ania mafaili yaliyofutwa, nikaiwasha upya. Wapi! Bosi kasimama nyuma yangu, anakoroga chai taratibu.

"Ingekuwa na kioo, tungeona."

Saa sita ndipo kitu kikaniwasha kichwani. Nikaibandua ile diski ya nje kwenye folda kwa amri ya umount, nikaandika ls /mnt/chelezo, nionyeshwe kilichomo. Yakatokea mafurushi yangu: manne mazima, na la tano limekatikia njiani pale diski ilipojaa. Ukipachika diski juu ya folda, vya ndani ya folda havifutiki, vinafunikwa tu. Nilikuwa nimetandika mkeka juu ya makombo yangu mwenyewe, halafu nazunguka chumba kizima nauliza siafu wanatoka wapi. Na ule ujumbe wa asubuhi? Niliuandika utumwe tu, tar ipone isipone.

Nikafuta mafurushi, mishahara ikalipwa. Kwenye skripti nikaongeza mstari wa mountpoint, amri inayokagua kama diski imepachikwa kweli: diski isipokuwepo, usiandike kitu, nipigie kelele.

Kesho yake bosi akaja na kioo cha zamani kutoka kwake, akakichomeka mwenyewe. Kikaonyesha neno moja, login, na kialama kinapepesa. Akafurahi. Ikawa kila asubuhi anapitia stoo, anakitazama, anasema, "Leo iko macho," anaenda zake.

Jumapili saa nane usiku simu ikaniamsha: DISKI HAIPO. CHELEZO HAKIJAFANYIKA.

Asubuhi nikashika tochi ya simu, nikaitazama ekstensheni. Ina matundu manne: seva, ruta, birika, kioo.

Adapta yangu ilikuwa imekunjwa vizuri, imewekwa juu ya ndoo ya rangi.