Matema haihitaji kufanana na Dubai

Wiki iliyopita nililala Matema, wilayani Kyela, katika nyumba mpya ya wageni ambayo dirisha la chumba changu lilitazama ukuta wa tofali za saruji. Nyuma ya ukuta huo kulikuwa na Ziwa Nyasa pamoja na Milima ya Livingstone, ambayo upande ule hushuka hadi majini. Nilipouliza sababu, niliambiwa kwamba mji wa kisasa wa mapumziko hujengwa hivyo, kwa vioo vya bluu na kuta ndefu, kama Dubai.

Jibu hilo limeniuma, kwa sababu upo mji wa kisasa, La Grande-Motte wa kusini mwa Ufaransa, uliojengwa kwa makusudi hayo hayo na haukufanya hivyo. Mwaka 1963 serikali ya Ufaransa iliunda tume chini ya Pierre Racine ili kuendeleza pwani ya Languedoc, ambayo wakati huo ilijaa vinamasi na mbu, na kuwazuia watalii wasipitilize kwenda Hispania. Msanifu Jean Balladur alipokabidhiwa La Grande-Motte, alibuni majengo ya zege yenye umbo la piramidi, akivutiwa na zile za Teotihuacan nchini Meksiko, na katika jengo kubwa kuliko yote akachora mstari unaoitikia mlima Pic Saint-Loup unaoonekana kwa mbali. Miti ilipandwa tangu mwanzo kwenye mchanga ule wa chumvi, hata leo mtu hutembea kivulini kutoka nyumbani hadi ufukweni. Mwaka 2010 Ufaransa iliutambua mji huo kuwa urithi wa karne ya 20.

Nakubali kwamba zege lile wengi walilibeza, na kwamba wakazi wa kudumu hawafiki 10,000, hivyo nyumba nyingi hufungwa wakati wa baridi. Wala sisemi tujenge piramidi Kyela. Ninachodai ni msanifu anayeutazama mlima kabla ya kushika kalamu, anayejua mvua za Kyela zinavyopiga, na aliyewahi kuona jinsi Wanyakyusa walivyojenga kwa mianzi na jinsi akina mama wa Kikisi wanavyofinyanga vyungu pale Ikombe.

Kiwanja cha jirani bado ni kitupu, kina miembe mitatu, na mawe ya msingi yamekwisha kurundikwa chini ya ule mkubwa. Namwomba mwenye kiwanja asiukate.