Chumba kimoja au viwili: hesabu ya familia kubwa kwenye meli ya kitalii

Ukitafuta nafasi ya watu sita kwenye meli ya kitalii, mara nyingi utajibiwa kwamba hakuna chumba, au utaonyeshwa kimoja cha kifahari chenye bei ya kutisha. Wagawe watu hao hao watatu watatu kwenye vyumba viwili, na meli iliyokuwa imejaa inageuka kuwa na nafasi tele. Wazazi wengi hukata tamaa kabla ya kufika hapo, nami nasikitika kila ninaposikia, kwa sababu wameshindwa na fomu ya kutafutia nafasi, si na bei. Mjadala wa dirisha au roshani, ambao ndio unaosikika zaidi, kwa familia kubwa huja baadaye. Kwanza mwamue kama mtalala wote chumba kimoja au mtagawana.

Tuanze na pesa. Nauli hutozwa kwa kichwa, ila vichwa havitozwi sawa. Wawili wa kwanza katika kila chumba hulipa nauli kamili, na kuanzia wa tatu kwa kawaida hupunguziwa. Tuseme, kwa mfano tu, nauli kamili ya chumba cha ndani kisicho na dirisha ni 100, na wa tatu na wa nne hulipa nusu. Familia ya watu wanne ikijibana chumba kimoja italipa 300, ikichukua viwili italipa 400. Hapo kujibana kuna faida ya wazi. Sasa ongeza mtoto mmoja. Vyumba vingi vya ndani huishia vitanda vinne, kwa hiyo chumba cha watu watano huwa cha daraja la juu zaidi, chenye roshani au sebule. Nauli kamili huko ikiwa 160, na waliobaki wakilipa nusu, watano watalipa 560. Kwenye vyumba viwili vya ndani, watatu huku na wawili kule, watalipa 450. Mtoto mmoja tu ameigeuza hesabu juu chini.

Hata mtoto mchanga anayelala kwenye kitanda chake kidogo huhesabiwa kuwa abiria kamili katika idadi ya chumba. Kodi, ada za bandari na bakshishi ya kila siku nazo kwa sehemu kubwa hufuata idadi ya watu, kwa hiyo kujibana hakuzipunguzi. Na lile punguzo la mtu wa tatu na wa nne si haki ya kudumu. Wakati wa likizo za shule linaweza kunyauka hadi likaribie kutoweka, na likitoweka, hoja ya kujibana imekwenda nalo.

Wapo wanaoona kikomo cha watu chumbani kuwa ukaidi wa kampuni. Mtoto ni mdogo, wanasema, atalala katikati yetu, tatizo liko wapi? Tatizo liko kwenye maboti ya kuokolea. Titanic ilipozama mwaka 1912 maboti yake hayakutosha watu waliokuwamo, na mwaka 1914 mataifa yakaafikiana juu ya mkataba wa usalama wa baharini unaojulikana kama SOLAS, ambao umeboreshwa mara kadhaa tangu wakati huo. Leo kila abiria ana mahali pake pa kukusanyikia dharura ikitokea, na kila sehemu ya meli ina idadi isiyoruhusiwa kuvukwa. Ndiyo maana chumba cha vitanda vinne huweza kuuzwa kwa watu wawili tu ilhali vitanda viwili vimebaki wazi: nafasi za boti upande ule zimekwisha. Sheria hii naiunga mkono bila kusita. Ila familia ielewe maana yake, kwamba vitanda vya tatu na vya nne huweza kuisha mapema kuliko vyumba vyenyewe, na anayengoja bei za dakika za mwisho anacheza na nafasi za watoto wake.

Pesa tuziweke pembeni kidogo, tuingie ndani. Chumba cha kawaida cha ndani kina mita za mraba kama 15. Usiku mhudumu hushusha vitanda viwili vya juu, anaweka ngazi, na sakafu iliyobaki ni njia nyembamba kati ya kitanda na meza. Asubuhi watu wanne wanalisubiri bafu moja ambalo mtu mzima akinyoosha viwiko anagusa kuta. Nguo za kuogelea zinaning'inia juu ya bomba la mvua, bado zinachuruza. Taa ikizimwa giza ni la kaburini, mtoto anaamka hajui kama kumekucha. Mbinu ya wazoefu ni kuiacha televisheni kimya usiku kucha kwenye chaneli ya kamera ya omo, yaani mbele ya meli: alfajiri ikiingia baharini, inaingia na chumbani.

Kwa hiyo, kwa maoni yangu, mlango wa pili na bafu la pili vina thamani kuliko mandhari. Watoto wadogo wanalala saa mbili usiku, wakubwa wanarudi saa tano, hakuna anayemwashia mwenzake taa usoni.

Lakini upande wa pili una hoja nzito. Mwenye mtoto anayelala mchana atafungiwa gizani kwa muda wa saa mbili kila siku asipokuwa na roshani ya kukaa huku mtoto amepumzika. Mwenye watoto wa miaka mitatu au minne hawezi kuwaweka nyuma ya mlango mwingine, basi wazazi watagawana vyumba na likizo yao itakuwa ya kupungiana mikono koridoni. Kwa familia hizi chumba kimoja kikubwa, hata kwa bei ya juu, kina mantiki. Meli za Disney, tangu Disney Magic ya mwaka 1998, zimelipunguza tatizo la bafu kwa kuligawa mara mbili katika vyumba vingi: choo chenye sinki upande mmoja, mahali pa kuogea upande mwingine.

Kuna njia ya katikati ninayoipenda zaidi: chumba kimoja chenye roshani, na cha ndani kinachotazamana nacho ng'ambo ya koridoni. Kwa mfano wetu, wawili kwenye chumba cha roshani na watatu kwenye cha ndani ni 570, kumi tu zaidi ya kile chumba cha watano, na mna mabafu mawili. Roshani inakuwa ya wote mchana. Sharti ni umri. Kampuni ya meli za kitalii ya Royal Caribbean, kwa safari zinazoanzia Amerika Kaskazini, hudai kila chumba kiwe na mtu wa miaka 21 au zaidi, ingawa hulegeza masharti kwa watoto ambao wazazi wao wako chumba cha jirani. Familia nyingi huandikisha mzazi mmoja kila chumba, kisha wakishapanda huomba kadi za ziada za milango na kulala wanavyotaka.

Vyumba viwili vyenye mlango wa kati ndivyo bora kwa watoto wadogo, japo mlango huo hupitisha sauti. Tiketi ya bei rahisi ambayo kampuni ndiyo inakuchagulia chumba, mimi singeigusa nikiwa na watoto, kwa kuwa mnaweza kutupwa sitaha mbili tofauti. Lipieni kuchagua namba. Kwenye ramani ya meli tazameni pia kilicho juu yenu: chini ya sitaha ya bwawa mtaamshwa na viti vinavyoburutwa alfajiri. Na mwenye kuogopa kichefuchefu ajue kwamba omo na tezi, yaani mbele na nyuma ya meli, hupanda na kushuka zaidi, ilhali katikati ya meli, sitaha za chini, ndiko kunakotulia. Huko pia ndiko mara nyingi viliko vyumba vya bei ya chini.