Wazee wa Uamsho walikuwa huru kuliko sisi

Siku hizi ukiingia kanisa lolote mjini neno uhuru halikosi. Kufunguliwa, kukata laana za ukoo, kutoka kwenye kifungo cha madeni, kifungo cha kutoolewa, kifungo cha bosi anayekubania kazini. Mimi sipingi maombi hayo hata kidogo, watu wanaumia kweli na Mungu anasikia. Ila kuna kifungo kimoja hakitajwi kabisa na naona ndicho kinachotumaliza, nacho ni kifungo cha kulinda jina. Kuonekana uko sawa. Kuonekana umebarikiwa, ndoa iko vizuri, huduma inakua, ukikutana na mtu getini anakuuliza mtumishi habari za siku nyingi unamjibu Bwana Yesu asifiwe, mimi ni mshindi, wakati wewe na mkeo hamjaongea tangu juzi na hela ya mchango wa jengo uliikopa bila kumwambia. Mtu wa namna hiyo hata akiwekewa mikono kila Jumapili anarudi nyumbani amefungwa vilevile, kwasababu funguo anayo mwenyewe na hataki kuitoa mfukoni.

Kila nikiwaza hili jambo narudi kwa wale wazee wa Uamsho wa Afrika Mashariki, ule mwamko wa kiroho uliowaka Rwanda na Uganda, walokole wa mwanzo kabisa. Vijana wengi wanaujua wimbo wao wa Kiganda wa Tukutendereza tu na hawajui uamsho wenyewe ulitokea wapi, kwahiyo nisimulie kidogo.

Mwaka 1929 daktari mmoja mmisionari Mwingereza, Joe Church, aliyekuwa anafanya kazi hospitali ya Gahini mashariki mwa Rwanda, alikwenda Kampala akiwa amechoka mwili na roho. Rwanda ilikuwa imetoka kwenye njaa kali, watu walikufa wengi sana, na yeye alikuwa ameishiwa. Pale Namirembe, kwenye kilima cha kanisa kuu la Anglikana, akakutana na Simeoni Nsibambi, Muganda aliyekuwa mtumishi wa serikali upande wa afya, mtu mwenye kiu ya Mungu iliyomzidi. Wakakaa pamoja wakafungua Biblia, wakaomba. Hebu fikiria huo ni mwaka gani. Mzungu aliyesoma Cambridge na Mwafrika chini ya ukoloni wamepiga magoti chumba kimoja, wote wawili wanakiri kwamba hawana kitu, hakuna anayemfundisha mwenzake. Mimi naamini mengi yaliyofuata yalikuwa ndani ya hicho chumba tayari.

Alafu kuna Yosiya Kinuka. Huyu alikuwa msaidizi mkuu pale hospitali ya Gahini na mambo ya pale yalikuwa yanamkera, amejaa uchungu. Akaenda Kampala kwa Nsibambi akamwaga malalamiko yake yote kuhusu hali ya hospitali. Nsibambi hakumpa pole. Alimwambia kwamba shida ya hospitali ile ilitoka kwenye dhambi iliyokuwa moyoni mwake yeye Kinuka. Bwana wee! Njiani kurudi Rwanda yule mtu akavunjika, akajisalimisha kwa Yesu, na aliporudi kazini watu wakaona ni mwingine. Baadaye akawa mchungaji na mmoja wa nguzo za uamsho.

Najua mtu wa leo akisoma hapo anakasirika, na namwelewa kabisa. Anasema yaani Mwafrika ananyanyaswa na wakoloni alafu anaambiwa tatizo ni moyo wake? Hiyo si ndo ile dini ya kututuliza? Swali ni la haki na walokole wenyewe waliulizwa hivyo enzi zile. Hata Festo Kivengere, aliyekuja kuwa askofu wa Kigezi kusini magharibi mwa Uganda, alipookoka mwanzoni mwa miaka ya 1940 alipanda baiskeli akasafiri mbali kwenda kumwomba msamaha mmisionari mzungu aliyekuwa anamchukia. Ukiitazama juu juu unaona mnyonge anamwomba radhi mwenye nguvu.

Ila tazama vizuri nani alitoka huru pale. Chuki ilikuwa imemfunga Kivengere kwa yule mzungu, popote alipo lazima ambebe moyoni, siku yake inaharibika kwa kumwona tu. Baada ya ile safari hakuwa anamhofia wala kumchukia, akaweza kumtazama usoni kama mtu na mtu mwenzake, na hicho ndicho kitu ambacho ukoloni haukutaka kitokee. Tena haikuwa upande mmoja. Wamisionari nao walisimama mbele ya Waafrika, watu waliokuwa chini yao kikazi, wakakiri kiburi chao, hasira zao na jinsi walivyowadharau. Baadhi wakaanza kula meza moja nao na kuwaita ndugu, na wazungu wenzao wakawaona wamechanganyikiwa. Hakuna mkoloni aliyetoa amri hiyo. Ni msalaba ndo uliwashusha wote mpaka wakawa usawa mmoja.

Paulo aliwaandikia Wagalatia, "Katika ungwana huo Kristo alituandika huru, kwa hiyo simameni, wala msinaswe tena chini ya kongwa la utumwa." Tunaupenda sana mstari huu, tunauandika mpaka kwenye tisheti. Lakini ni sura hiyohiyo ya 5, ukishuka mpaka mstari wa 13, anasema "uhuru wenu usiwe sababu ya kuufuata mwili, bali tumikianeni kwa upendo." Paulo hakuvitenganisha hivi viwili. Mtu aliyeandikwa huru ndo huyohuyo anayeinama kumtumikia mwenzake, na asipoinama mimi napata shaka kama kweli anajua ameandikwa huru, kwasababu mtumwa ndo siku zote anahangaika aonekane bwana.

Mwaka 1941 chuo cha theolojia cha Mukono kule Uganda kiliwafukuza wanafunzi 26, William Nagenda akiwemo, sababu ya msimamo wao wa uamsho. Walikuwa wanaamka alfajiri kuomba, wanasema dhambi waziwazi, wakubwa wakaona ni ukaidi. Inawezekana kulikuwa na ukaidi pia, vijana ni vijana. Lakini kinachonigusa mimi ni kilichofuata. Hawakwenda kuanzisha kanisa lao. Wangeweza kabisa, watu wa kuwafuata walikuwepo, na Nagenda alikuwa mhubiri haswa, alihubiri nchi nyingi bila kuwahi kuwa na daraja la uchungaji. Wakabaki Waanglikana ndani ya kanisa lililowatoa chuoni, wakaendelea na ushirika wao, yaani kukutana kuomba na kukiri makosa, kwenye nyumba na chini ya miti. Sasa linganisha na sisi, mtu akigombana na kiongozi wake Jumapili, mwezi unaofuata ameshaprinti bango na picha yake kubwa, nabii, mtume, daktari, na mkewe pembeni. Nasema kwa uchungu kwasababu nawapenda hawa watu na wengi walianza na moto wa kweli. Cheo kinakula. Ukishaitwa baba wa kiroho na watu elfu moja, utamwambia nani kwamba wiki hii hujaomba? Utamlilia nani?

Askofu Josiah Kibira wa Bukoba alitokea kwenye uamsho huohuo. Mwaka 1977, kwenye mkutano uliofanyika Dar es Salaam, alichaguliwa kuwa rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani, Mwafrika wa kwanza kushika nafasi hiyo. Cheo kikubwa hicho kwa mtu aliyetoka ziwani kwetu. Lakini kwenye ushirika wa walokole, askofu na mkulima wa kahawa wanaitana ndugu, na ndugu yeyote ana ruhusa ya kumuuliza mwenzake moyo wako ukoje leo. Yesu alisema, "mwalimu wenu yu mmoja, nanyi nyote ni ndugu," na hawa watu waliamua kulichukua hilo neno kama lilivyo.

Maisha hayo ya uwazi wenyewe waliyaita kutembea nuruni, kutoka 1 Yohana 1:7. Ukimkosea mwenzako unamwendea, unasema kosa kwa jina lake, husemi "kama nilikukwaza popote naomba unisamehe". Hiyo ya kama nilikukwaza ni yetu sisi wa leo. Wao walisema nilikuibia, nilikusema vibaya kwa fulani, nilikuonea wivu ulipopandishwa kazi. Walirudisha ng'ombe, walirudisha vitu walivyoiba kazini. Ukishasema hivyo mbele ya watu, nani tena atakutisha? Umbea unakosa kazi, siri zako zote umeshazitoa mwenyewe.

Uhuru huo ulipimwa. Kenya ilipoingia hali ya hatari mwaka 1952, wandugu wa uamsho kule nchi ya Wakikuyu walikataa kula kiapo cha Mau Mau, wapiganaji waliodai ardhi kutoka kwa wakoloni, wakisema wameshakunywa damu ya Kristo na hawawezi kunywa nyingine, na wengi wao wakakataa pia kubeba bunduki za serikali upande wa pili. Kwahiyo huku wanaonekana wasaliti na kule hawaaminiki. Wapo waliouawa. Sisemi madai ya ardhi hayakuwa ya haki, ardhi ilichukuliwa na hilo halina mjadala. Nasema tu mtu anayeweza kusimama katikati namna ile bila kumchukia yeyote, huyo ana kitu ambacho bunduki haikumpa na haiwezi kumnyang'anya.

Februari 1977 Askofu Mkuu wa Kanglikana Uganda, Janani Luwum, akauawa na utawala wa Idi Amin. Kivengere akalazimika kukimbia, yeye na mkewe Mera wakavuka milima kwa miguu kuingia Rwanda. Ijumaa Kuu ya mwaka huo alikuwa kanisani London, anasikiliza maneno ya Yesu msalabani, Baba uwasamehe, na akagundua chuki dhidi ya Amin imeanza kuota ndani yake. Akamsamehe palepale. Kisha akaendelea kusema wazi uovu wa Amin kila alikokwenda, na watu huwa wanasahau hiki kipande. Kusamehe hakukumfunga mdomo, kulimfanya aseme bila sumu.

Sitaki nipake rangi. Uamsho nao ulipata kiburi chake. Uganda walitokea Bazukufu, kundi la waliojiita walioamka upya, wakakazia sheria zao, mtu mwenye deni anaonekana hajaamka, na watu waliokuwa wanalia pamoja wakaacha kusalimiana. Na kuna jambo zito zaidi ambalo huwa linaninyima usingizi, kwamba Rwanda hiyohiyo ya Gahini ndo iliyoingia mauaji ya kimbari mwaka 1994, na kati ya waliouawa na waliowaua walikuwepo watu walioimba nyimbo zilezile. Wapo Wakristo waliokufa wakiwaficha wenzao, tuwaheshimu. Lakini makanisa mengi yalishindwa vibaya. Jibu langu si jepesi, ila naona kukiri kunaweza kugeuka desturi. Mtu anakiri hasira na wivu kila wiki, dhambi ndogondogo zinazozoeleka, alafu ile kubwa ya kumwona jirani yako si mtu kamili kwasababu ya kabila lake inakaa chini kabisa haiguswi miaka yote, na wakubwa wa kanisa wanakaa karibu mno na wakubwa wa serikali kiasi kwamba hawawezi tena kusema ndugu, hapa tumetenda dhambi. Na sisi wengine tusijione salama, kila taifa letu lina yale yasiyotajwa kanisani.

Sasa kumkaribia Mungu. Yakobo anasema, "Mungu huwapinga wajikuzao, bali huwapa neema wanyenyekevu," na mistari miwili mbele anasema "Mkaribieni Mungu, naye atawakaribia ninyi." Sisi tukisikia kumkaribia Mungu tunawaza kupanda, mfungo mrefu zaidi, mkesha, mlima wa maombi. Nafunga pia na naheshimu wanaofunga. Lakini Kivengere alikuwa akisimulia kwamba siku moja alimkwaza mkewe, alafu akawa anataka kutoka kwenda kuhubiri, na Roho akamwambia moyoni arudi akaombe na mkewe. Akajitetea kwamba muda umeisha, watu wanamsubiri. Akaambiwa sawa, wewe nenda kahubiri, mimi nabaki hapa na mkeo.

Hiyo habari inanitetemesha kuliko mahubiri mengi niliyowahi kusikia. Unatoka umebeba Biblia, umenyoosha shati, na uliyemwacha jikoni anafuta machozi ndiye Mungu amebaki naye. Umbali wetu na Mungu mara nyingi haupimwi kwa saa za maombi, upo pale mezani kati yako na mtu ambaye hutaki kumwambia nimekosa. Yule mtoza ushuru wa Luka 18 alisimama mbali, hakuthubutu hata kuinua macho, maombi yake ni sentensi moja, Ee Mungu, uniwie radhi mimi mwenye dhambi, na Yesu anasema huyo ndo alishuka kwenda nyumbani amehesabiwa haki.

Kwahiyo ninachowaomba wachungaji wetu, na naomba kwa heshima zote, ni hiki. Zile ibada za katikati ya wiki ambazo zimebaki matangazo na michango, rudisheni ushirika hata nusu saa tu. Hakuna kipaza sauti, hakuna kurekodi, simu zizimwe, viti vikae duara. Na mchungaji aanze yeye, si ushuhuda wa 1998 alipokuwa mlevi, aseme cha wiki hii. Waumini watashtuka mwanzoni, wengine wanaweza hata kuhama. Watakaobaki watapata ndugu.