Mjomba na sanduku la ngariba

Juzi kati tulikuwa tunatoa vitu stoo kwa bibi, Ngamiani Tanga, chumba kipakwe chokaa, ndo kikatoka kisanduku cha mbao alichoacha mpangaji mmoja wa zamani akisema atakifuata, hakurudi tena. Kufungua, jamani! Vyuma vyembamba vimesimamishwa kwenye vitundu duara zima, kila kimoja na ncha yake, kingine kimechongoka, kingine bapa, kingine kina tundu katikati, afu kinyundo kidogooo, na dude moja lina makucha mengi membamba, ukizungusha kitasa cha juu makucha yote yanajikunja kwa pamoja yanabana.

Mjomba ni wale watu wa kila kitu, ukiumwa yeye daktari, gari likizima yeye fundi. Akakohoa. "Haya madude ya ngariba. Ngariba wa zamani walikuwa na seti kamili, msione." Akalichukua lile la makucha akatia kidole chake humo, akazungusha. "Mnaona? Linashika kwanza, halafu..."

Sasa mlangoni kasimama mdogo wangu wa mwisho, tunamwita Kidume, ana miaka sita na likizo hii ndo keshaambiwa zamu yake. Sijapata kuona mtoto anakimbia vile bila kutoa sauti.

Mjomba wala hana habari, uchunguzi unaendelea. Akaokota kikopo cha shaba, kidogo kama kifungo cha shati, eti humu ndo iliwekwa dawa ya kidonda, akachomeka kisu kwenye mfuniko. Pwaa! Kikaruka kitu kama utepe kinajikunjua hewani, kikampita sikioni, kikatua kwenye bakuli la uji wa bibi kikawa kinatetemeka. Shangazi akapiga ukunga nyoka nyoka, na wa kwanza kufika barabarani alikuwa mjomba.

Zile kelele zikamleta mzee mmoja fundi saa, ana kimeza chake barazani mtaa wa nyuma. Kuona sanduku alicheka mpaka akakaa chini. Akatuambia vile vyuma ni vya kugongea, unakalishia magurudumu ya saa kwenye vyuma vyake vya katikati na kupachika vile vijiwe vya rubi, ndo zile saa za zamani utakuta imeandikwa usoni ina 17. Makucha ni ya kuvishia kioo cha plastiki: unakibana kinasinyaa kidogo, unakikalisha kwenye kava, ukiachia kinajipanua kinakamata chenyewe. Na kikopo ndo nyumba ya springi, saa za kutia ufunguo ukizungusha unaikaza hiyo, ndefu karibu rula ya shule imekunjwa humo ndani, "ukiifungua kwa kisu, mzee mwenzangu, inakutoa jicho."

Bibi kimyaaa. Mara akaingia chumbani akarudi na kikapu chake cha kushonea kofia, akachomoa sindano moja nene. "Na hii je?" Kumbe alishajichukulia moja miaka ile, ndo anayotobolea vitundu vya kofia! Fundi akabana lensi jichoni. "Bi mkubwa, hii ina kingo tano, zote zinakata. Ya kupanulia matundu ya shaba."

Ngoja niwaambie, kofia za bibi mjomba ndo hupeleka sokoni, na zikirudishwa vitundu vimechanika anatukanwa yeye, eti hajui kukunja. Aliruka! Nyumba nzima tulimwomba radhi, bibi wa mwisho na kwa shingo upande, na wala sindano hakuirudisha sandukuni.

Kidume tukamkuta juu ya mwembe wa jirani, kaptula kaishikilia kwa mikono yote miwili, sasa huko alipandaje sijui. Fundi akambembeleza weee, akavisha kioo kwenye saa pale pale chini ya mti aone kwa macho yake. Kidume akatazama, akawaza, akauliza:

"Kama ni cha saa, mbona mjomba alitia kidole?"

Mjomba akasema anawahi swala, na adhana bado kabisa.